Shanga za Fungate

1

"Nyumba yangu ina wezi watano," Bi Asumini Mchopa alitega, sindano ameibana kwa midomo. "Akiingia mmoja, anaiba kijiko. Wakiingia wawili, wanaiba sufuria. Wakiingia watatu, wanabeba nyumba na mwenye nyumba yumo ndani."

"Somo, hicho ulinitega mfungo uliopita." Bihawa alivua ndala mlangoni akaingia bila kungoja karibu. "Ni Genge. Haya sogea, nikae."

"Ungejifanya hujui japo mara moja, nikafurahi."

"Nikijifanya sijui utanidai mji, na miji yote ya Kusini nimeshakupa."

Walicheka wote wawili. Bi Asumini alikuwa kungwi wa mtaa wa Mikoroshoni, pale Lindi, na huo ulikuwa mwaka wake wa thelathini na nne katika kazi hiyo. Bihawa alikuwa mwari wake wa kwanza kumcheza, na sasa mwari mwenyewe alikuwa na binti wa kuozesha. Harusi ya Zamoyoni ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Genge ndilo jina wanawake waliloupa ugonjwa huo. Wataalamu wana jina lao, refu kama treni, ukilimaliza kulitamka umesahau ulikotoka. Maana yake ni hii: kiuno kikipanuka, presha ikipanda, sukari ikizidi, mafuta mabaya yakajaa kwenye damu na mafuta mazuri yakapungua, hao ni watano, na hawapendi kutembea mmoja mmoja. Wakishafika watatu ndani ya mwili mmoja, moyo na figo na macho viko mashakani. Na mwenye kisukari, maskini, mmoja keshamkaribisha zamani. Anangojewa wawili tu.

Ndiyo maana zilikuja shanga. Kila mwanamke mwenye kisukari alivaa kiunoni mkufu wa shanga za kawaida, na kati yake shanga tano kubwa zaidi, zilizoitwa mashahidi. Kila shahidi alimwangalia mwizi wake. Mambo yakiwa mazuri, shahidi alikuwa mweupe kama mchele. Yakiharibika, aligeuka zambarau. Mwenye mashahidi weupe aliachiwa apike kwake anachotaka. Mwenye zambarau tatu alikula Jiko la Mtaa, chakula cha kupimiwa, uwe na harusi usiwe nayo.

"Niongezee shanga kumi," Bihawa alisema, akilegeza kanga. "Uzi unanibana."

"Kumi? Mwezi wa tatu nilikuongezea nane."

"Mtoto anaolewa, nanenepa furaha. Unaionea wivu?"

"Furaha gani inakaa mbele tu, nyuma haifiki?"

"Ilianzia mbele, iko njiani!"

Bi Asumini alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Akavuta kopo la shanga za akiba. Mkono wake uligonga chini ya kopo. Aliangalia ndani. Kopo lile alilijaza mwaka jana, na hakuwa ametunga mkufu mpya tangu Idi. Shanga zilikuwa zimekwenda wapi? Zilikwenda nnenne, nanenane, kwenye viuno vya watu. Vidole vyake vilikuwa vimelijua jambo hilo mwaka mzima, vikanyamaza, kama mtoto aliyevunja chungu.

Alizihesabu kumi, akazivusha kwenye uzi, akaangalia mashahidi wa Bihawa. Weupe, wote watano.

"Sindano yangu imeangukia wapi? Inuka kidogo, nisije nikakuchoma."

Bihawa aliinuka, akajizungusha, akasaidia kuangalia huku na huku. Mkeka ulikuwa na alama nyekundu. Moja, halafu nyingine, halafu ya tatu, kila alipokanyaga.

"Bihawa. Hebu nyanyua mguu."

Sindano ilikuwa kisiginoni, imezama mpaka kwenye tundu la uzi.

"Haiumi?"

"Nini?" alisema Bihawa.

Neno lile moja lilimwingia Bi Asumini mifupani. Alimkalisha, akaichomoa sindano taratibu, akamwosha kwa maji ya chumvi. Bihawa alikuwa akiutazama mguu wake kama mguu wa mgeni.

"Ni ganzi ya kukaa," alisema. "Nimechagua mchele toka asubuhi. Somo, hili ni la chumbani. Usimpelekee nesi. Harusi ni keshokutwa."

La chumbani ni la chumbani. Kungwi alikula yamini: kilichoonekana kiunoni na chumbani mwa mwari hakitoki nje. Bi Asumini alitikisa kichwa kukubali, na papo hapo akajuta.

2

Ijumaa asubuhi alikwenda zahanati. Nesi Tupokigwe, msichana wa Tukuyu aliyetumwa Lindi miaka miwili nyuma, alikuwa peke yake anafuta vumbi kwenye kioo cha ghala la dawa. Ghala lile halikuwa na mtu. Lilizisoma shanga za watu kutoka mbali, likapima dawa za kila mmoja, likazitia kwenye mfuko wenye jina. Lilisoma shanga. Uso halikuusoma.

Mwanzo, kabla ya shanga, ilikuja mikanda. Wanawake waliikataa. Nani avae mkanda wa hospitali chumbani kwake? Wengine waliwafunga mbuzi, na kompyuta zikaandika kwamba wanawake wa Lindi wanakula majani usiku kucha na wanalala wamesimama. Hapo ndipo wataalamu walipokuja kupiga hodi kwa Bi Asumini wakamwomba: mama, tutakuletea shanga, zitunge wewe, uwavishe wewe. Akawavisha arobaini na mmoja. Ikasemekana mkono wake una baraka, maana kila aliyetungiwa na Bi Asumini mashahidi wake walikaa weupe. Walikuja watu mpaka kutoka Mtama kujionea.

"Nakutega," alimwambia nesi.

"Tega, bibi, lakini unajua mimi mbumbumbu."

"Nina mtoto wangu, nilimpeleka akanyonye kwa jirani siku saba. Karudi, nikilia hanisikii."

Tupokigwe alifikiri, kitambaa mkononi. "Ng'ombe? Redio? Sijui. Chukua mji. Chukua Tukuyu."

"Nimekwenda Tukuyu. Nimekuta ukungu na ndizi za kuchemsha. Nimenyweshwa maziwa mgando, nimetandikiwa blanketi mbili, nimeagwa vizuri, nimerudi." Bi Asumini alikaa kwenye benchi. "Na jibu silijui, mwanangu. Nimekuja kulitafuta kwako. Hizi shanga zinamjuaje mwenyewe?"

Nesi alifurahi kuulizwa. Hakuna aliyekuwa akimuuliza.

"Ndani ya shahidi kuna chachu hai, bibi, kama hamira ya maandazi. Inalamba jasho. Lakini haikuzaliwa inajua mzima ni nani na mgonjwa ni nani, maana jasho la kila mtu lina ladha yake. Kwa hiyo siku saba za kwanza mvaaji anakula chakula cha Jikoni tu, anameza dawa kwa saa, analala mapema. Anatulia. Chachu inaonja ule mwili uliotulia inasema, hapa ndipo nyumbani. Na uzi nao unashika upana wa kiuno cha siku zile. Sisi tunaziita siku za fungate. Zikishapita, kazi ya shanga ni moja: kupima mtu amekwenda mbali kiasi gani na nyumbani kwake."

"Na fungate lile akilivaa mtu mwingine?"

"Nani avae shanga za mwenzake, bibi?" Tupokigwe alicheka. "Tena za kiunoni!"

Bi Asumini hakucheka.

Ushanga mpya ni mgeni, ndivyo alivyofundishwa na somo wake, naye akafundishwa na wake. Mgeni haingii kwa mwari moja kwa moja, anapita kwanza kwa somo. Somo anauvaa siku saba, anautoa ubaridi, anautia dua na joto la mwili wake, ndipo anamvisha mwari. Ndivyo alivyofanya kwa mikufu yote arobaini na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kwa mapenzi na bila kuruka hata siku. Wanawake aliwaambia, subirini zipoe. Nesi hakuambiwa kitu, kwa sababu Tupokigwe hakuchezwa, na mambo ya kiunoni haambiwi asiyechezwa. Wale wanawake baada ya kuvishwa walikula chakula cha Jikoni wiki nzima kama walivyoagizwa. Lakini wakati huo shanga zilikwisha kupata nyumba.

Nyumba yenyewe ni ipi? Hilo ndilo lililomtoa jasho.

"Nichome kidole," alisema.

"Siku hizi hatuchomi, bibi. Mashahidi wako si weupe?"

"Nichome."

Kipimo cha zamani kilitolewa kwenye droo ya chini, kikapanguswa. Tone la damu likanyonywa. Tupokigwe alikitazama, akakitikisa, akamchoma kidole kingine.

"Umekula nini asubuhi?"

"Sijatia kitu mdomoni tangu jana magharibi."

"Kumi na saba. Ilipaswa isivuke saba." Alileta kipimo cha presha, kikabana mkono, kikaachia. Mia na sabini kwa mia. Alipitisha futi kiunoni, akaisoma kimya. "Mia na kumi na mbili. Bibi, hapa wapo watatu tayari. Wawili wa mafuta mpaka damu iende maabara."

Bi Asumini aliifunua kanga yake mwenyewe. Mashahidi walimtazama, weupe kama mchele wa Kyela. Kungwi halishwi vibaya. Kila ngoma ana sahani yake, kila harusi ana kapu lake, na yeye shanga zake alizivaa siku ile ile alipoletewa, hakushughulika na kula cha Jikoni. Kwa hiyo hapa ndipo nyumbani. Presha hii, sukari hii, kiuno hiki. Alizifundisha shanga kwamba ugonjwa ndio uzima, akawavisha wari wake arobaini na mmoja.

"Zako ni mbovu," nesi alikata shauri. "Zimetoka kiwandani mbovu. Nitaandika waniletee nyingine, usihangaike." Kisha, kumfariji: "Angalau za Bihawa nzima. Siku tisini nyeupe! Jumatatu ghala litampunguzia insulini nusu."

"Huwezi kulizuia?"

"Naweza, nikiwa na sababu ya kuandika. Nipe sababu."

Sababu ilikuwa chini ya ulimi. Bi Asumini aliimeza, akaaga, akasahau hata mwamvuli wake.

3

Kwa Bihawa uani palikuwa na masinia saba ya mchele na mbuzi wawili wanaolia. Bi Asumini alimvuta mpaka chumbani, akafunga mlango, akamweleza yote, kuanzia kidole hadi fungate. Hakupunguza.

Bihawa alikaa kitandani. Mguu wenye kitambaa aliuweka juu ya kigoda.

"Kwa hiyo mimi," alisema polepole, "miaka miwili nimevaa kiuno chako."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nakula sambusa, shanga zinasema poa tu, Somo naye anakula sambusa."

"Ndiyo."

"Ningejua ningeazima kiuno cha Tupokigwe! Yule mwembamba kama ufito!" Alicheka, kisha akakigusa kitambaa cha mguuni. "Huu mguu utarudi?"

"Sijui. Nesi ndiye atajua. Jumatatu wanakukatia dawa nusu."

Nje mtu aliulizia iliki.

"Nisitiri mpaka Jumapili," alisema Bihawa. "Nikienda leo, kesho nitaletewa sahani ya Jikoni mbele ya wakwe. Maharage ya kuchemsha, mama wa bibi harusi! Na wewe umepewa njia tayari. Nesi kasema shanga mbovu? Sema mbovu. Zikusanywe zote, ziletwe nyingine, sisi tuvae vizuri, hakuna aliyekosa. Kiwanda kiko ng'ambo huko, kitaaibika kwa nani?"

Maneno yale yalikuwa matamu, na Bi Asumini hakuona kosa ndani yake mara moja. Aliyageuza kama anavyogeuza ushanga kutafuta tundu. Wanawake wangepimwa upya. Siri ya chumbani ingebaki chumbani. Jina lake lingebaki.

Lakini mwanamke akishaambiwa shanga ni mbovu, atavaa tena? Si atamtafuta mbuzi? Na yupo kungwi wa Mtama, na wa Nachingwea, na yule bibi kizee wa Ruangwa. Wote walitumiwa shanga mwaka huu baada ya kusikia sifa za mkono wa Asumini. Wote walichezwa ngoma moja. Hakuna hata mmoja ambaye angemvisha mwari ushanga wenye ubaridi. Leo hii, pengine, bibi wa Ruangwa alikuwa amejifunga mkufu wa mtu kiunoni, anautia dua.

"Nikisema uongo," alisema, "mtapona wewe na hawa wa hapa. Wale wa kule nitakuwa nimewafungia ndani pamoja na wezi."

"Na ukisema kweli, utamwambia asiyechezwa mambo ya chumbani. Umetuapisha sisi, tukiwa watoto, tunalia, kwamba anayetoa siri mkono wake unakauka."

"Nakumbuka."

"Basi nenda kakaushe mkono wako!" Bihawa alifungua mlango. "Lakini mimi usinitaje. Na kesho usije na hilo jambo kwangu."

Bi Asumini alitoka akipita katikati ya masinia, na wanawake wakamsalimia shikamoo zao kwa heshima ile ile ya siku zote. Zilimwuma kuliko matusi.

4

Jumamosi, saa tatu asubuhi, wanawake walikuwa wameingia chumba cha ndani kwa Bihawa kumfunda Zamoyoni. Chumba kilijaa udi na vicheko. Wote arobaini na mmoja walikuwemo, maana Bi Asumini alikuwa amepita nyumba kwa nyumba alfajiri, akisema asibaki mtu.

Aliingia wa mwisho. Nyuma yake, ameshika viatu mkononi na kipimo cha damu kwapani, alikuwa Tupokigwe.

Ngoma ilikatika.

"Huyo hajachezwa!" mmoja alipiga kelele.

"Somo, umerogwa?"

"Nesi, toka, usije ukapofuka bure mtoto wa watu!"

Tupokigwe alirudi hatua moja. Bi Asumini alimshika mkono, akamsimamisha pale pale. Alimtafuta Bihawa kwa macho. Bihawa alikuwa ameegemea ukuta, kanga mpya, uso umefungwa.

"Nina kitendawili," Bi Asumini alisema. Sauti haikuwa na nguvu, akairudia. "Mnawajua wezi watano. Nani aliyewafungulia mlango?"

Wengine walidhani ni sehemu ya mafundisho. Bi harusi mwenyewe, chini ya ushungi, alisema, "Ulafi?" Wachache wakacheka.

"Siyo. Nipeni mji."

Mbuzi hawakulia tena, walikuwa wameshakuwa pilau. Hatimaye sauti ilitoka ukutani, kavu.

"Chukua Lindi," alisema Bihawa.

"Nimekwenda Lindi," alisema Bi Asumini. "Nimefika Mikoroshoni. Nimewakuta wanawake arobaini na mmoja wamelala, mlango wazi, wezi wanapakia vyombo. Nimewauliza majirani, nani alifungua? Wamesema ni yule mwenye ufunguo, anayeaminiwa na wote. Nimeuangalia ufunguo. Uko kiunoni kwangu."

Akaeleza. Alisema habari ya siku saba na joto la somo, mbele ya msichana wa Tukuyu, neno kwa neno, na mkono wake haukukauka. Alitaja namba zake tatu. Kisha akapandisha kanga, akachukua mkasi wa kutungia, akakata mkufu wake mwenyewe. Kungwi hakatwi shanga ila siku anayooshwa kwenda kuzikwa. Chumba kizima kilivuta pumzi. Shanga zilimwagika sakafuni, zikakimbilia huku na huku, na wanawake wakaruka wakiinua miguu.

"Nitalazimika kuandika jina lako," Tupokigwe alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Watakukataza kutunga, bibi. Hata mimi wataniuliza, miaka miwili nilikuwa wapi."

"Andika. Asumini binti Mchopa, kwa hati nzuri. Halafu andika Mtama, Nachingwea na Ruangwa, wapelekewe habari leo, kabla ya adhuhuri."

Mwanamke mmoja karibu na mlango alijifunga kanga vizuri, akatoka bila kuaga, na mwingine akamfuata. Bi Asumini hakuwazuia. Alipiga magoti kukusanya shanga, kwa sababu mikono yake haikujua kazi nyingine. Aliokota moja chini ya kitanda, moja kwenye pindo la bibi harusi, akafika mpaka ukutani.

Miguu yote ilikuwa imehama, isipokuwa miwili. Chini ya unyayo wa kushoto wa Bihawa kulichungulia ushanga, tena shahidi mkubwa, umezama kwenye nyama laini ya wayo. Mwenye mguu alikuwa amesimama juu yake kwa utulivu, anamtazama Somo wake akitambaa.

"Nyanyua," Bi Asumini alisema taratibu.

Bihawa alitazama chini. Aliuona mguu wake, akaona na wenzake wanavyouona. Zamoyoni alifunua ushungi.

"Mama?"

Bihawa aliunyanyua mguu. Ushanga ulidondoka, ukaacha shimo jekundu la duara. Alikaa chini juu ya mkeka, nguo mpya na yote, akavuta mkufu wake nje ya kanga. Ulikuwa umebana hata uzi haukuonekana.

"Kata," alimwambia Bi Asumini. "Sijakusamehe. Nitakusamehe nikijua huu mguu unakwenda wapi. Lakini kata."

Mkasi ulilia. Shanga za Bihawa zilimwagika juu ya nyingine, na zile kumi za Alhamisi zilikuwa bado zinang'aa.

"Nesi," Bihawa alisema, akinyoosha kidole mbele, macho ameyafumba kabla hajachomwa. "Pilau ya mwanangu nitaonja."

"Vijiko viwili," alisema Tupokigwe.

"Vitano."

"Vitatu, mama, na insulini yako nzima."

Nyuma yao, mwanamke mmoja alianza kulegeza kanga. Halafu wa pili. Bi Asumini aliufuta mkasi kwa upindo, akasogea kwa anayefuata.